Bi Mize Hakusema Tafadhali

Riziki mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, mbele ya watu, kama baba yeyote anayemsindikiza binti yake. Humu sitii salamu. Nimekaa peke yangu darasa la nne, watoto wameshakwenda zao, mlango nimeufunga kwa ndani, na hasira niliyoamka nayo asubuhi bado haijanitoka. Ukikuta mahali karatasi imetoboka, ujue hapo nimeikandamiza kalamu.

Habari za sabuni, za nguo za kuvaa chuoni, za kutotoka bila ruhusa na za kwenda kumwamkia shangazi yako kila mwisho wa wiki, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena mpaka meli iondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miezi mitatu, tunakula sahani moja na wewe, na kila nikitaka kulitoa nalimeza pamoja na wali.

Hadithi yako iliyotoka katika gazeti la Mche haikuharibiwa na Salim mhariri wake. Haikuharibiwa na kijana yeyote wa gazeti lile. Niliiharibu mimi.

Umeshajua sasa. Nakuomba usome mpaka mwisho. Udhuru sina, lakini hutaki kujua lilikwendaje?

Unaiacha Pemba kwenda Unguja kusomea ualimu, kama nilivyokwenda mimi nikiwa na umri kama wako. Siku ya pili mwalimu alinisimamisha nisome. Palipoandikwa "mtu" mimi nikasema "ntu", kwa sababu ndivyo nilivyolisikia neno hilo tangu kuzaliwa. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akanambia nirudie. Nikarudia, na kwa hofu nikasema "ntu" vilevile. Tangu siku ile mpaka namaliza, miaka miwili, hakuna aliyeniita Faki. Jina langu likawa Ntu. "Ntu, sogeza chumvi." "Ntu, kwenu huko mnalala kwenye vitanda?" Nilijifunza kusema upya nikiwa chooni, kwa sauti ndogo, kama mwizi.

Hasira ile nilipaswa kuwarudishia walionicheka. Sikuwarudishia. Niliifungasha nikaja nayo nyumbani, nikamrudishia mama yangu.

Hili hulijui, ulikuwa hujazaliwa. Bibi yako alikuwa na wageni, anawasimulia habari za harusi ya dada yake, na unajua anavyosimulia, mpaka mtu anasahau kunywa chai. Akasema "siku hino". Mimi, mwalimu mpya, suruali imepigwa pasi, nikamkata maneno mbele ya watu wote: "Si hino, mama. Sema hii." Wageni wakatazama chini. Bibi yako akacheka kidogo, akasema, "Haya mwalimu, malizia weye." Akainuka kwenda kuchochea moto, na kisa cha harusi hakikumalizika mpaka leo.

Wewe umelelewa na visa vyake. Mimi mwanawe, tangu siku ile, ninachopata kwake ni "Umekula?" na "Watoto hawajambo?" Nilidhani ni uzee.

Vijana wa mjini Chake walipoanzisha Mche ulikuja nyumbani na nakala yake ya kwanza, karatasi kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, wino umechafua pembeni. Niliwajua nusu yao, nimewafundisha. Walikuwa wamepewa chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, na mashine moja kuukuu ya kurudufu, ya kuzungusha kwa mkono. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tangazo: wanataka hadithi na mashairi kutoka kwa vijana wenyewe, wa mjini na wa shamba, kwa maneno yao. Ulilisoma kwa sauti. Nikacheka, nikasema watoto wanacheza ugazeti. Hukucheka. Ijumaa ile ulichukua daftari ukaenda kwa bibi yako, na Ijumaa tatu zilizofuata.

Ulichokiandika nilikuja kukijua njiani. Ulinipa hati imefungwa kwa karatasi ya kaki na kushonwa kwa uzi, ukasema:

"Baba, madhali unakwenda Chake kwenye mkutano wa walimu, nifikishie kwa Salim."

"Nisiione kwanza?"

"Ikitoka utaisoma kama watu wengine."

Hukusema kwa ubaya. Lakini mimi ni mwalimu wa miaka ishirini, na niliona nimefungiwa mlango na mtoto niliyemfundisha kushika kalamu. Sikufika hata nusu ya njia. Nikaegemeza baskeli kwenye ukingo wa daraja, nikafumua uzi.

Riziki, nilimsikia mama yangu. Nilikuwa na miaka sijamsikia hivyo. Uliandika namna alivyopanda muhogo chini ya mikarafuu ya watu, kwa ruhusa ya mwenye shamba wa zamani, mwaka baada ya mwaka, mpaka shamba likapata mwenyewe mwengine. Uliandika asubuhi ile msimamizi alipokuja na watu watatu wenye majembe, kwamba bwana wao anataka pawe peupe kabla ya uchumaji. Na uliandika maneno yake kama alivyoyatamka, amesimama katikati ya matuta, kanga ameifunga kiunoni: "Muhogo huno nliupanda miye. Mkiung'oa, ning'oeni na miye."

Pale darajani machozi yalinitoka. Nakwambia ili ujue kwamba nilijua thamani ya kitu nilichokuwa nacho mkononi. Nisijifanye kipofu.

Kisha nikafungua ukurasa wa kumi na moja, nikajikuta mimi.

Uliandika kwamba Bi Mize, bibi yako, alimtuma jirani aje mbio skuli kumwita mwanawe, mwalimu, aje aseme na watu wale. Skuli haikuwa mbali, wangemuona akija. Na mwalimu akajibu, "Mwambie nasahihisha madaftari." Hukumtukana mwalimu yule. Uliandika jibu lake, ukaendelea na majembe.

Sikuwahi kukusimulia hayo. Alikusimulia yeye. Miaka miwili nilijidanganya kwamba ameshasahau, kumbe alikuwa anasubiri wa kumwambia.

Ni kweli, neno kwa neno. Na kuna ambalo hata yeye halijui, kwa hiyo hukuweza kuliandika: sikuwa nasahihisha chochote. Meza ilikuwa tupu. Nilikuwa nimesimama dirishani, nasikia majembe.

Mwenye shamba alikuwa, na bado yumo, katika kamati ya skuli yangu. Na unazijua siku hizi zetu. Watu hawaendi kwenye maziko ya jirani kwa sababu ya chama. Mwalimu akifungua mdomo, kesho anaulizwa yuko upande gani, kesho kutwa yuko nje. Niliyafikiria yote hayo pale dirishani, na kila nililolifikiria lilikuwa na maana. Lakini mama yangu alikuwa anang'olewa muhogo wake, na mimi nimesimama nafikiria mambo yenye maana.

Nilipofika Chake sikuingia mkutanoni. Nilitafuta darasa tupu, nikaomba karatasi za mistari, nikaanza kuinakili hadithi yako. Nilijiambia nasafisha lugha. Palipokuwa na "ntu" nikaandika "mtu". "Hino" ikawa "hii". "Miye" ikawa "mimi". Na niliona raha! Lazima nikuambie na hilo. Niliona raha kama mtu anayefuta vumbi mezani. Nikasema, hawatamcheka binti yangu kama walivyonicheka mimi.

Nilipofika kwenye maneno yake ya matutani niliandika hivi: "Muhogo huu niliupanda mwenyewe. Tafadhali msiung'oe."

Tafadhali! Mama yangu hajamwambia mtu yule tafadhali, na hatamwambia. Neno lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaomba, mezani, kwa kalamu, miaka miwili baada ya tukio. Na baada ya hapo sikusimama tena. Nikamfanya msimamizi asikitike. Nikakitupa kipande kizima cha mwalimu. Nikamaliza kwa bibi kizee anayekwenda zake nyumbani akimshukuru Mungu. Bibi yako siku ile hakwenda nyumbani. Alikaa juu ya matuta yaliyofukuliwa mpaka adhuhuri, na wewe uliliandika hilo vizuri kuliko ninavyoliandika mimi sasa.

Hapo haikuwa lugha tena. Nilikuwa najifuta mwenyewe.

Salim hakuwapo. Niliwaachia wenzake karatasi zangu, jina lako juu yake, nikapanda baskeli. Hati yako ilikuwa ndani ya shati langu.

Yaliyofuata uliyaona, lakini uliyaona kwa upande wako. Gazeti lilipotoka ulilichukua bila kulifungua, ukakimbia nalo kwa bibi yako ili mlisome pamoja. Nilikuja nyuma yenu. Alikuwa anamenya ndizi. Ukasoma, na kadiri ulivyosoma sauti yako ikawa inapungua. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama.

"Huyu asemaye ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Bibi."

"Miye? Miye n'mwambie yule tafadhali?" Akarudi kwenye ndizi zake. "Basi hino ni hadithi ya ntu mwengine. Si mbaya. Lakini si yangu."

Ulitoka mpaka uani ukalitupa gazeti chini. "Wameniibia bibi yangu, baba! Nimewapa bibi yangu wakanirejeshea mwengine!" Na mimi, Riziki, nikakuwekea mkono begani. Nikasema, "Vijana hawa hawana adabu. Magazeti ndivyo yalivyo, yana mkasi." Ukaandika ile barua ya kumwita Salim mwizi na muoga, ukanipa niisome kabla ya kuituma. Nikaisoma. Nikakusahihishia hata herufi moja.

Kila nikikumbuka herufi ile nataka kuupiga mkono huu kwenye ukuta.

Sasa nakuja kwenye usilolijua kabisa. Wiki moja baada ya barua yako Salim alikuja. Hakuja nyumbani. Alikuja hapa skuli, jasho linamtoka, barua yako mkononi na karatasi zangu kwapani. Akaniamkia kwa heshima zote, kisha akaziweka karatasi mezani.

"Mwalimu, Riziki anasema tumemkata. Sisi hatukugusa hata nukta. Hiki ndicho tulichopokea."

Nikasema, "Basi atakuwa alinakili vibaya."

"Mwalimu," akasema, "mwandiko huu naujua. Nimejifunza kuandika kwa kuufuatisha ubaoni."

Hakupandisha sauti. Alikuwa ananipa nafasi ya kukiri mbele ya mtu mmoja tu, kwa siri, na bado sikuichukua. Nilisimama nikampigia meza. Nikamwambia kama neno hili litafika kwako nitawaandikia wakubwa wa elimu kwamba kile chumba chao ni cha siasa, na mashine itachukuliwa. Nikamwambia nitamwendea baba yake. Mimi niliwatisha watoto walionunua wino kwa kuchangishana.

Salim alizikusanya karatasi zake, akasema, "Nimekuelewa, mwalimu," akaondoka. Na amekaa kimya. Umemtukana, umewaambia rafiki zako wasimpelekee kitu, umempita njiani Chake bila kumjibu salamu, na yeye amekaa kimya miezi mitatu. Hakuwa ananiogopa mimi. Aliona nimekuwa mdogo kiasi gani, akakusitiria baba yako.

Ulisema hutaandika tena maisha. Nilikusikia ukimwambia mama yako. Nikajiambia maneno ya ujana hayo, yatapita. Lakini leo asubuhi mama yako alikuwa anawasha moto wa chai, na alichowashia ni daftari lako. Ameshachana kurasa mbili. Akasema, "Mwenyewe kasema yachomwe yote, hayana kazi." Nilimnyang'anya nikampigia kelele, masikini, kama yeye ndiye mkosa. Madaftari saba nimeyaokoa. Kurasa mbili zimeungua, na sijui zilikuwa na nini.

Nikaichukua hati yako kutoka nilikokuwa nimeificha, nikaenda kwa mama yangu. Sikumwamkia vizuri. Nikakaa kwenye kibao, nikamwambia, "Mama, nataka kukusomea." Nikasoma ulivyoandika wewe, kwa ulimi niliozaliwa nao. Ulimi ulikuwa mzito, umekaa miaka bila kazi. Nilipofika kwenye matuta akasema kwa sauti ndogo, "Hino ndiyo. Huyu ndiye miye."

Nikasoma ukurasa wa kumi na moja.

"Soma hapo tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu nilishindwa kuimaliza sentensi. Akanitazama. Ana macho mabovu, lakini alinitazama barabara. "Kwani hukuja kwa nini, Faki?"

Alikuwa hajaniuliza tangu siku ile. Nikamwambia, "Niliogopa." Nikamwambia na habari ya meza tupu.

Nilitaraji anilaani au anisamehe, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Akasema, "Hilo mwambie ntoto alitie. Hadithi haijesha." Akanyanyuka kwenda kutazama chungu chake.

Kwa hiyo nakuambia ulitie, ukitaka. Hati yako imo ndani ya bahasha hii, kurasa zote, na madaftari saba yapo juu ya kitanda changu. Nilitaka niipeleke mimi kwa Salim leo hii, nikajizuia. Nimeshaipeleka mara moja, inatosha. Utaituma wewe, au hutaituma. Lakini Salim nimemwandikia, nimekiri nilichokifanya na nilivyomtisha, na chini nimetia jina langu kamili. Nimemwambia akitaka aichape. Mwenye shamba ataisoma. Na aisome! Wakinihamisha, wanihamishe. Nimechoka kuwa na busara.

Kule Unguja watakucheka. Ukiambiwa mambo yamebadilika usiamini, watakucheka ukifungua mdomo tu. Kasirika. Mimi sikukatazi hasira, hasira ni haki yako. Ninachokuomba ni uangalie unaipeleka wapi. Ipeleke kwa aliyekucheka, siku ileile, usoni mwake. Usiihifadhi. Ukiihifadhi utakuja kumpa mtu anayekupenda, na utaiita jina zuri, utaiita elimu au lugha safi.

Na watakaokusahihisha wapo pia. Yuko atakayekaa nawe, hati ikiwa mbele yenu, akuambie hapa sijaelewa, hapa umekwenda mbio. Huyo msikilize hata akikuudhi, maana na wewe una makosa yako. Unarukia mwisho kabla msomaji hajakaa. Lakini anayekusahihisha ukiwa hupo, kwa kisingizio cha kukusitiri, mpokonye karatasi. Usitazame umri wake wala mchango wake wa kukusomesha.

Kisha nenda kwa Salim, au mwandikie. Hilo sikushauri, hilo nakuamrisha, na ni amri yangu ya mwisho kabla hujaondoka. Matusi yale uliyompa hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Niliposhika kalamu nilikusudia kukupa barua hii kesho, wakati ngazi ya meli inavutwa, ili uisome ukiwa mbali nami nikiwa sikuoni. Nimefika hapa nimeona huo ni uoga uleule umevaa nguo za safari. Naileta sasa. Alasiri haijakwisha, jua bado lipo, na mama yako yuko kwa jirani. Nitakutia bahasha mkononi, kisha nitakaa barazani. Ukimaliza kusoma toka nje, usingoje asubuhi, usingoje kupoa. Majirani watasikia. Na wasikie. Nakungoja.

Baba yako,
Faki